BCM ya Gari: Kabla na Baada ya Kufungua Nati

Moduli ya kudhibiti bodi, ambayo mafundi wengi huijua kwa herufi zake tatu, BCM, ni kompyuta inayosimamia vifaa vya umeme vya gari ambavyo si vya injini wala giaboksi: taa za nje na za ndani, indiketa, honi, waipa, vioo vya milango, kufuli, rimoti, na katika magari mengi king'ora cha wizi pamoja na immobilaiza, yaani kinga inayozuia injini kuwaka kwa ufunguo usiotambuliwa. Kwa umbo ni kisanduku cha plastiki chenye soketi kadhaa zinazopokea makumi ya nyaya. Katika pikapu za Chevrolet Silverado za 2007 hadi 2013 kiko chini ya dashibodi upande wa dereva, karibu na nguzo ya usukani. Katika Ford F-150 za 2011 hadi 2014 kimeungana na boksi la fyuzi lililo ubavuni, penye miguu ya abiria wa mbele. Kwenye Toyota nyingi hupachikwa juu ya boksi la fyuzi la ndani, kiasi kwamba fundi anayetafuta kifaa kinachojitegemea huweza kukipita bila kukitambua.

Kabla ya zama za moduli hizi, swichi ya taa ilipitisha umeme wenyewe. Katika Land Rover za zamani zilizozoeleka Afrika Mashariki, umeme ulitoka betri ukapita fyuzi, swichi na balbu, kisha ukarudi kupitia bodi. Fundi mwenye taa ya majaribio aliweza kuufuata waya kwa mkono mpaka mwisho wake. Katika gari lenye BCM, swichi haiwashi taa, inaomba. Ombi hilo huingia kwenye moduli kama badiliko dogo la volti au kama ujumbe wa kidijitali. Moduli hulipima pamoja na mambo mengine, kama vile ufunguo uko wapi, mlango uko wazi au la, na betri ina nguvu kiasi gani, ndipo iruhusu umeme uende kwenye balbu. Kwa hiyo taa isiyowaka huweza kuwa na balbu nzima, fyuzi nzima na swichi nzima, na bado isiwake kwa sababu moduli haijaridhika.

Sababu ya mageuzi hayo ilikuwa nyaya. Kila kifaa kipya kilidai waya wake, na kufikia miaka ya 1980 mafungu ya nyaya yalikuwa mazito, ya gharama, na magumu kupitisha kwenye bawaba za milango. Februari 1986, katika mkutano wa wahandisi wa magari mjini Detroit, kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitangaza mtandao wa CAN, unaowezesha kompyuta nyingi za gari kuzungumza kwa kutumia nyaya mbili tu zilizosokotwa pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mercedes-Benz ikauweka katika magari yake makubwa. Nchini Marekani, kuanzia magari ya modeli ya 2008, CAN ikawa ya lazima katika mawasiliano ya soketi ya uchunguzi. BCM ya leo hutegemea mtandao wa aina hiyo: hukusanya maombi yaliyo karibu nayo, huyatekeleza yaliyo yake, na yaliyobaki huyapeleka kwa moduli nyingine. Katika magari mengi ndiyo mlango wa kupita kati ya mtandao wa kasi wa injini na breki na mtandao wa polepole wa vifaa vya bodi.

Ndani ya kisanduku kuna sehemu mbili zinazofaa kutofautishwa mapema, kwa kuwa huharibika kwa njia tofauti na kubadilishwa kwake kuna madai tofauti. Ya kwanza ni ya nguvu: transista na rilei ndogo zinazobeba umeme wa taa, honi na kufuli. Ya pili ni ya kumbukumbu: kichakataji na chipu inayohifadhi namba ya chesisi, orodha ya vifaa ambavyo gari lilitoka navyo kiwandani, siri za funguo, na katika baadhi ya modeli hata nakala ya kilomita zilizotembewa. Oltaneta au starta ikifa, inayofanana nayo hufungwa na safari ikaendelea. BCM haikubali hivyo. Iliyotolewa katika gari jingine hudhani bado imo katika gari lile, na iliyotoka kiwandani haijui imo katika gari gani.

Dalili za BCM mbovu huja kwa makundi na huja kwa kubahatisha. Taa za breki hubaki zikiwaka baada ya gari kuzimwa, waipa hupiga kioo kikavu, vioo vya upande mmoja hugoma, kufuli hujifunga na kujifungua, rimoti haisikiki hata betri yake ikiwa mpya, dashibodi hujaa taa za tahadhari, betri hufa kwa usiku mmoja, au injini hukataa kuwaka huku taa ya ufunguo ikimetameta. Dalili tatu au nne kati ya hizo zikitokea pamoja, kishawishi cha kuihukumu BCM huwa kikubwa, na hukumu hiyo hutolewa haraka mno. Karibu kila moja ya dalili hizo huweza kuletwa na betri iliyochoka, waya wa ethi uliolegea, soketi iliyoota kutu au maji yaliyopenya chini ya zulia. Mwenye gari aliyeuziwa moduli ya bei kubwa kisha akarudi nyumbani na tatizo lilelile amedhulumiwa, hata kama fundi hakukusudia. Ndiyo maana uchunguzi hustahili muda mrefu kuliko kazi yenyewe ya kubadilisha.

Uchunguzi huanzia kwenye betri. Betri yenye chaji kamili, gari likiwa limepumzika, husoma takriban volti 12.6; injini ikiunguruma, oltaneta nzima kwa kawaida huleta kati ya volti 13.5 na 14.7. Wakati wa kupiga starta, betri inayoporomoka chini ya volti 9.6 hufanya moduli zizime na kuwaka upya katikati ya mazungumzo, na kila moduli huandika malalamiko dhidi ya jirani yake. Misimbo ya makosa iliyoandikwa katika hali hiyo haina thamani. Hurekodiwa, hufutwa, betri hutengenezwa au kubadilishwa, kisha gari husomwa tena.

Usomaji wa maana ni ule unaopita moduli zote, wala si ya injini peke yake. Misimbo inayoanza na P ni ya injini na giaboksi, C ni ya breki na mwendo, B ni ya bodi, na U ni ya mtandao. Msimbo U0140 husema kwamba mawasiliano na BCM yamepotea, na wengi husimama hapo na kuagiza spea. Cha kuuliza ni nani analalamika. Kama kila moduli ya gari imeandika U0140 na skana haiwezi kuifikia BCM, basi BCM iko kimya, na ukimya huo unaweza kutokana na kukosa umeme tu. Kama moduli moja pekee inalalamika na nyingine zinaisikia BCM vizuri, kosa liko kwenye njia ya huyo mlalamikaji.

Hatua inayofuata ndiyo hurukwa mara nyingi, nayo ndiyo huokoa fedha nyingi zaidi: kupima umeme unaoingia na ethi inayotoka kwenye soketi za BCM zenyewe, kukiwa na mzigo. Mita ya umeme pekee hudanganya. Waya uliooza ukabakiza uzi mmoja wa shaba bado huonyesha volti 12 kwenye mita, kwa kuwa mita haivuti umeme wowote wa maana. Balbu ya wati 21 ikiunganishwa mahali palepale hufifia, na ukweli hujitokeza. Upande wa ethi hupimwa kati ya pini ya moduli na ncha hasi ya betri, vifaa vikiwa vinafanya kazi; tofauti ikizidi sana sehemu moja ya kumi ya volti, nati ya ethi hufunguliwa, rangi na kutu husuguliwa, na vipimo huanza upya. BCM huweza kuwa na fyuzi za kuilisha zaidi ya tano, nyingine chini ya boneti na nyingine ndani, na fyuzi moja tu iliyokatika huua nusu ya kazi zake na kuiacha nusu nyingine. Gari huonekana kama limerogwa, kumbe ni fyuzi.

Baada ya umeme hupimwa mtandao. Betri ikiwa imetenganishwa, kipimo cha omu kati ya pini namba 6 na namba 14 za soketi ya uchunguzi kinapaswa kuwa karibu omu 60, kwa sababu kila mwisho wa mtandao wa CAN una kizuizi cha omu 120 na viwili hivyo vimefungwa sambamba. Kikisoma omu 120, mwisho mmoja umekatika. Kikikaribia sifuri, nyaya mbili zimegusana mahali fulani. Kuna mtego hapa unaohusu pikapu za Silverado zilizotajwa, ambazo ni za General Motors: BCM yake huzungumza pia kwenye mtandao wa pili, wa polepole, wenye waya mmoja tu unaofika pini namba 1. Kipimo cha omu 60 hakisemi lolote kuhusu waya huo, na redio moja iliyoharibika huweza kuunyamazisha mtandao mzima wa vifaa vya ndani. Njia ya kulithibitisha hilo ni kuchomoa moduli za mtandao huo moja baada ya nyingine mpaka mazungumzo yarudi.

Historia ya karibuni ina kisa kinachofaa kukumbukwa na kila anayetaka kuihukumu moduli kabla ya soketi yake. Mwaka 2014 General Motors iliita gereji magari yapatayo milioni 2.4 nchini Marekani, yakiwa Chevrolet Malibu, Pontiac G6 na Saturn Aura za kati ya 2004 na 2012. Taa za breki zilishindwa kuwaka dereva alipokanyaga pedali, au ziliwaka bila kukanyagwa. Chanzo kilikuwa kwenye kiungo cha BCM: pini za soketi zilisuguana kwa mtikisiko mdogo wa kila siku, zikaota kutu laini, na volti iliyofika ikawa si ya kuaminika. Tiba iliyoidhinishwa haikuwa moduli mpya. Mafundi waliongeza kipande cha kuikaza soketi isicheze, wakapaka grisi maalumu ya umeme, kisha wakaifundisha BCM upya mahali pedali ya breki inapopumzikia. Hayo yalikuwa magari ya saluni, lakini soketi za pikapu na SUV ni za ukoo uleule, na barabara mbovu huzitikisa zaidi.

Upo pia upande wa pili. Mwaka huohuo Chrysler iliita magari yapatayo 189,000 nchini Marekani, ya Jeep Grand Cherokee na Dodge Durango ya modeli ya 2011 kwa sababu ya kisanduku chake cha kugawa umeme, ambacho ni ndugu wa BCM. Rilei ya pampu ya mafuta iliyofungiwa ndani yake iliharibika, na injini iliweza kuzimika gari likiwa mwendoni au kukataa kuwaka. Rilei hiyo haikuweza kuchomolewa kama zile za kawaida. Suluhisho lilikuwa kujenga njia mpya ya umeme yenye rilei ya nje. Kisanduku kilichobaki hakikutupwa. Katika kisa hiki kosa lilikuwa ndani kweli, na bado haikulazimu kubadilisha kisanduku kizima.

Kipimo cha mwisho huihukumu BCM yenyewe. Kwa skana inayoweza kutoa amri, fundi huitazama kwanza kama inapokea ombi: swichi ya waipa ikisogezwa, je, skana huonyesha badiliko? Kisha huiamuru iwashe kifaa na kupima kwenye pini ya kutokea. Ikiwa umeme na ethi ni sahihi, ombi limeingia, amri imetolewa, na pini haitoi kitu hata waya wa kwenda kwenye kifaa ukiwa umechomolewa, transista ya ndani imekufa. Lakini transista mara nyingi hufa kwa kuuawa. Soketi ya trela iliyojaa matope, balbu ya nyuzi mbili iliyopachikwa kinyume, au mota ya waipa iliyokwama huvuta ampea nyingi kuliko zilizokadiriwa. Moduli mpya ikifungwa kabla ya muuaji huyo kupatikana, nayo hufuata njia ileile.

Katika Afrika Mashariki kuna wasababishi wengine wanaopaswa kuangaliwa mapema. Sehemu kubwa ya SUV za eneo hili hushuka zikiwa zimetumika, kutoka Japani, kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Kenya huweka kikomo cha miaka minane, na Uganda huruhusu hata kumi na mitano, kwa hiyo dhamana ya kiwanda huwa imekwisha zamani na soketi zimeanza kuzeeka. Hewa ya chumvi ya pwani huharakisha kutu. Vifuatiliaji vya gari na ving'ora vya nyongeza, vinavyofungwa kwa matakwa ya wakopeshaji au kwa hofu ya wizi, mara nyingi huungwa kwa kuchuna nyaya zilezile zinazoingia BCM, kuzisokota na kuzizungushia utepe. Utepe huo ukilegea kwa joto, waya hugusa bodi. Ni busara kukiondoa kwa muda kila kifaa cha nyongeza na kurejesha nyaya za kiwandani kabla ya kuendelea na uchunguzi wa kina.

Maji ni adui wa peke yake. Mifereji ya kuondoa maji kwenye paa linalofunguka huziba kwa vumbi na majani. Gundi ya kioo cha mbele kilichobadilishwa vibaya huvuja. Mpira wa kutolea maji ya kiyoyozi huziba na kumwaga ndani. Maji hayo hufuata fungu la nyaya hadi kwenye moduli iliyo chini yake. Land Rover Discovery 3 ni mfano unaojulikana sana wa paa la kioo kumwagia maji sehemu hizo. Dalili ya uhakika ni unga wa kijani au mweupe kwenye pini. Moduli iliyolowa inaweza kufunguliwa, kusafishwa kwa spiriti safi na kukaushwa taratibu, na ikafanya kazi tena kwa muda. Lakini zulia lililo chini yake lisipong'olewa na kukaushwa, unyevu utarudi.

Moduli ikishathibitika kuwa ndiyo mbovu, kuna njia tatu. Ya kwanza ni kutengeneza ubao wake: kubadilisha transista au rilei iliyoungua, kuchomea upya viungo vilivyopasuka. Fundi wa elektroniki mwenye hadubini na kituo cha joto huifanya kazi hii kwa gharama ndogo, na faida yake kubwa ni kwamba kumbukumbu haiguswi, hivyo gari huitambua moduli yake ya zamani bila programu yoyote. Njia hii haithaminiwi inavyostahili. Ya pili ni moduli mpya kutoka kwa mtengenezaji. Huja ikiwa haina utambulisho, na lazima ipakiwe programu na kupewa namba ya chesisi. Ya tatu ni moduli iliyotumika, kama zinazouzwa Gerezani jijini Dar es Salaam au barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, na hapa ndipo palipo na hatari nyingi.

Namba ya spea lazima ilingane, pamoja na herufi na tarakimu zake za mwisho. Moduli mbili za gari la aina moja na mwaka mmoja huweza kutofautiana kwa sababu moja ilitoka kwenye gari lenye taa za ukungu na ufunguo wa kubonyeza, na nyingine haikutoka huko. Hata masafa ya rimoti ni ya kuangalia: magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani kwa kawaida hutumia masafa ya karibu megahezi 315, ilhali yale ya Ulaya hutumia 433. Katika magari ambayo kipokezi kimo ndani ya BCM, moduli ya soko jingine hufunga vizuri, huwasha taa zote, lakini haitasikia rimoti hata siku moja. Zaidi ya hayo, moduli nyingi za miaka ya karibuni hujifunga kwa namba ya chesisi ya gari la kwanza na hazikubali nyingine kwa njia ya kawaida. Suluhisho la mafundi ni kuhamisha kumbukumbu: yaliyomo kwenye chipu ya moduli ya zamani husomwa na kuandikwa kwenye chipu ya moduli iliyonunuliwa. Hufanikiwa pale ambapo moduli iliyokufa bado chipu yake ni nzima, na ambapo namba za spea na za programu zinafanana kabisa. Muuzaji asiyeweza kueleza moduli yake ilitoka gari gani aepukwe, kwa sababu moduli ya gari la wizi hubeba namba ya chesisi ya gari hilo ndani yake.

Kabla nati yoyote haijaguswa, BCM ya zamani inapaswa kusomwa yote inayokubali kutoa: usanidi, namba ya programu, namba ya chesisi, idadi ya funguo. Hatua hii ikirukwa na moduli ikafa kabisa mezani, usanidi utalazimika kubuniwa. Ford hurahisisha jambo hili kwa kuchapisha taarifa za kila gari lilivyotoka kiwandani, zikiwa katika safu za tarakimu na herufi ambazo kwa BCM huanza na anwani 726, na zinapatikana kwa namba ya chesisi. Watengenezaji wengine hawafanyi hivyo. Lebo ya moduli hupigwa picha. Katika Nissan nyingi, namba ya siri inayohitajika kuingiza funguo hupatikana kutokana na namba iliyo kwenye lebo hiyo, na lebo iliyofutika huweza kulisimamisha gari. Funguo zote zilizopo hukusanywa. Katika Ford nyingi, funguo zikishafutwa mfumo hudai angalau funguo mbili tofauti ndipo ukubali injini iwake, kwa hiyo mwenye gari aliyebakiwa na mmoja hana budi kununua wa pili kwanza.

Kuondoa moduli ni kazi ya nusu saa katika magari mengi. Mlango mmoja huachwa wazi, ncha hasi ya betri hufunguliwa, na fundi husubiri dakika zilizoelekezwa na kitabu cha gari ili umeme uliobaki kwenye mifuko ya hewa uishe, kwa kuwa nyaya zake za manjano hupita karibu. Kifuniko cha chini ya usukani au kabati la abiria hutolewa. Soketi kubwa zina wenzo wa kufungia. Huvutwa wenzo, si nyaya. Fundi hugusa chuma tupu cha bodi kabla ya kushika ubao, ili umeme tuli wa mwilini usiruke kwenye chipu. Soketi zilizochomolewa zikaguliwe pini kwa pini kwa tochi: pini iliyorudi nyuma, iliyopinda au iliyobadilika rangi kwa joto ni ushahidi ambao haupaswi kupotea. Moduli mpya huingia kwa mpangilio wa kinyume, na betri huunganishwa mwisho.

Upakiaji wa programu ndio moyo wa kazi. Huhitaji volti zisizoyumba kwa muda wote, na chaja ya kawaida ya gereji haifai, kwa maana umeme wake una mawimbi. Hutumika chombo cha kutegemeza betri kilichoundwa kwa kazi hiyo. Kukatika kwa umeme katikati huweza kuiacha moduli mpya ikiwa haina uhai, jambo ambalo katika miji yenye mgawo wa umeme hustahili jenereta ya akiba au betri ya pili iliyofungwa sambamba. Kiunganishi cha kompyuta hufuata kiwango cha J2534, kinachowezesha chombo kimoja kuhudumia magari ya watengenezaji mbalimbali, na programu yenyewe hupakuliwa kutoka kwa mtengenezaji kwa ada, kulingana na namba ya chesisi. Kwa pikapu za General Motors hufuata utaratibu wa kuisanidi BCM, kisha kujifunza upya kwa kinga ya wizi.

Utaratibu huo wa kujifunza unajulikana miongoni mwa mafundi kwa urefu wake. Katika magari mengi ya General Motors ya miaka ya 2000, ufunguo huzungushwa hadi mahali pa kuwasha bila injini kuwaka, na fundi husubiri takriban dakika kumi mpaka taa ya usalama izimike. Ufunguo huzimwa kwa muda mfupi, kisha hurudiwa mara ya pili na ya tatu. Nusu saa ikishapita, moduli hukubaliana siri mpya na kompyuta ya injini, na gari huwaka. Muda huo umewekwa makusudi: mwizi aliyevunja kioo hana nusu saa. Betri dhaifu, ambayo taa huimaliza ndani ya dakika hizo thelathini, huvuruga kila kitu na kulazimisha kuanza upya.

Baada ya gari kuwaka, BCM bado ina mengi ya kujifunza. Vioo vinavyopanda kwa mguso mmoja hushushwa hadi chini na kupandishwa hadi juu, swichi ikishikiliwa sekunde chache, ili moduli ijue mwisho uko wapi; bila hivyo kinga ya kutobana vidole haifanyi kazi ipasavyo, na hilo ni la hatari kwa watoto. Mahali pa kupumzikia pedali ya breki hufundishwa pale ambapo mtengenezaji ametaka hivyo. Vipima upepo wa tairi husajiliwa kimoja kimoja. Rimoti zote huingizwa katika kikao kimoja, maana katika modeli nyingi kuanza kikao kipya hufuta zilizotangulia. Usanidi hulinganishwa na ule uliohifadhiwa mwanzoni: kosa dogo hapo huleta mambo ya ajabu, kama taa za mchana zinazowaka katika gari lisilokuwa nazo, au malalamiko ya balbu iliyokatika kwa sababu moduli inatarajia balbu ya kawaida na gari limewekewa ya LED.

Majaribio hufanywa kwa kila kifaa, mtu mmoja akiwa ndani na mwingine nje: taa ndogo, taa kubwa, breki, indiketa za pande zote, taa ya kurudi nyuma, honi, kasi zote za waipa, kila mlango na kila kioo. Soketi ya trela hujaribiwa ikiwa na mzigo. Kisha hupimwa umeme ambao gari huvuta likiwa limelala. Mita ya ampea huunganishwa kwenye ncha hasi ya betri, ulimi wa mlango husukumwa kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa, na ufunguo huwekwa mbali. Mwanzoni gari huvuta ampea kadhaa. Moduli zikilala moja moja, kiasi hicho hushuka, na baada ya muda, unaoweza kufika nusu saa au zaidi, kinapaswa kuwa chini ya takriban miliampea 50. Kinachobaki juu ya hapo ni dalili kwamba kuna moduli isiyolala, na huenda ikawa ileile mpya iliyosanidiwa vibaya.

Gari huendeshwa siku kadhaa, pamoja na barabara ya vumbi na siku moja ya mvua ikipatikana, kisha moduli zote husomwa tena. Moduli ya zamani huhifadhiwa mpaka hapo, kwa kuwa ndiyo pekee yenye kumbukumbu ya asili endapo jambo litahitaji kurudiwa. Ikiwa kumbukumbu yake ilihamishiwa kwenye moduli nyingine, haifai kuuzwa kama spea: bado ina namba ya chesisi na siri za funguo za gari lililo barabarani. Chipu yake hufutwa au ubao huvunjwa, na mwenye gari hupewa karatasi yenye namba ya spea mpya, toleo la programu lililopakiwa na idadi ya funguo zilizosajiliwa.